Chevrolet ya 1955: nianzie wapi?

*Nimenunua Chevrolet ya 1955. Nataka niitengeneze mwenyewe nyumbani hapa Ohio, iwe gari la mbio fupi za kizamani. Wenzangu wanasema nianze na injini kubwa, naogopa.*
*Msomaji, Marekani*

Una haki ya kuogopa, ndugu yangu. Injini isubiri. Ingia uvunguni na bisibisi, uchokonoe chesisi: ikizama, chuma kimeliwa na kutu. Nguvu ikizidi, difu na krosi za propela ndizo hukatika, na propela iliyochomoka mbele huchimba lami na kulipindua gari. Funga kitanzi cha chuma kuizunguka propela, sentimita 15 hivi kutoka krosi ya mbele. Kisha breki. Ukilenga mita 402 kwa sekunde 11.49 au pungufu, kanuni za NHRA, chama cha mbio hizo huko Marekani, zinataka fremu ya mabomba ya kumkinga dereva. Hiyo mwachie fundi mzoefu wa kuchomelea.