SOMO LA WIKI: Kabla ya kununua deni la mji, soma ankara yake ya maji

Ndugu msomaji, wiki hii tunaweka kando bei za hisa na za mazao, tuingie katika jambo ambalo wawekezaji wengi wadogo huliogopa bure au hulikimbilia bila kuuliza: kuukopesha mji. Tutatumia mfano wa Tanga, kwa kuwa upo karibu, hesabu zake ni nyepesi kufuata, na karatasi yake ipo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ambako hata mwenye duka la rejareja anaweza kuinunua.

Tarehe 22 Februari 2024, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira ya Tanga, ambayo wengi huiita Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya Sh. bilioni 53.12. Hatifungani ni hati ya deni. Wewe unakopesha, mkopaji anakulipa riba kwa vipindi, na muda ukiisha fedha zako za msingi zinakuwa zimerudi. Hii ya Tanga ni ya miaka 10, riba yake ni asilimia 13.5 kwa mwaka, na hulipwa kila baada ya miezi 6. Mauzo yalipofungwa zilipatikana Sh. bilioni 54.72, sawa na asilimia 103 ya kilichoombwa. Mwezi Mei 2024 iliorodheshwa sokoni.

Watu husema anayekuja Tanga leo, kuondoka ni majaliwa. Fedha hizi nazo ni hivyo hivyo: zimekuja kukaa miaka 10. Hivyo inafaa kujua zimelala wapi na nani anazilinda.

MIFUKO MIWILI, SI MMOJA

Kosa la kwanza la mwekezaji mdogo ni kudhani kwamba "Tanga" ni mfuko mmoja. Iko mifuko miwili.

Mfuko wa kwanza ni wa Halmashauri ya Jiji. Huu hujazwa na ushuru wa huduma ambao wewe mfanyabiashara unaufahamu vizuri, ushuru wa masoko, ada za leseni na kadhalika, pamoja na ruzuku ya Serikali Kuu. Humo ndimo hutoka fedha za kuzoa taka, kusafisha masoko, na kuendesha shule na zahanati.

Mfuko wa pili ni wa mamlaka ya maji. Huu hujazwa hasa na ankara za wateja. Mama wa Ngamiani anayeuza barafu, hoteli, kiwanda, msikiti na kanisa, wote huingiza humo. Hatifungani tunayoizungumzia ni ya mfuko huu wa pili, na ulipaji wake unategemea mapato ya mamlaka yenyewe.

Hata hivyo mifuko hii haikutenganishwa kwa ukuta wa zege. Shule, zahanati, masoko na ofisi za umma ni wateja wa maji. Taasisi ya umma isipolipa ankara yake kwa miezi mingi, huwa imejikopesha bila riba kutoka mfuko wa pili. Mnunuzi wa hatifungani hana budi kuitazama mifuko yote miwili, ingawa ana hati ya mmoja tu.

HESABU YA KILA SIKU

Sasa tuchukue kalamu. Asilimia 13.5 ya Sh. bilioni 53.12 ni Sh. bilioni 7.17 kwa mwaka. Gawanya kwa siku 365: ni kama Sh. milioni 19.6 kwa siku. Yaani deni likiwa zima, kila jua linapochomoza Tanga, mamlaka inatakiwa iwe imepata Sh. milioni 19.6 za riba tupu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Deni la msingi nalo, likigawanywa kwa miaka 10, ni Sh. bilioni 5.3 kwa mwaka.

Fedha zilikopwa ili kupanua huduma, na lengo lilikuwa kuongeza uzalishaji wa maji kutoka lita milioni 45 hadi lita milioni 60 kwa siku. Nyongeza ni lita milioni 15, yaani uniti 15,000. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, au ndoo 50 za lita 20.

Gawanya riba ya siku kwa uniti hizo 15,000 na utapata Sh. 1,310 kwa kila uniti mpya, kabla ya kulipia umeme, dawa wala mshahara wa fundi. Hiyo ni iwapo kila tone limeuzwa na kulipiwa. Sasa tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba asilimia 30 ya maji yanapotea njiani. Uniti zinazouzwa zinabaki 10,500, na mzigo wa riba unapanda hadi Sh. 1,871 kwa uniti. Nusu ikipotea, unafika Sh. 2,620.

Kwa haki, mzigo huu hauwaangukii wateja wapya peke yao. Ukiusambaza kwenye uniti zote 60,000, ni Sh. 327 kwa uniti. Kwa upotevu ule ule wa asilimia 30, ni Sh. 468. Unaona basi kwamba riba ni ile ile na deni ni lile lile. Kinachobadilika ni bomba.

BOMBA LINALOVUJA NI KAMA DUKA LISILO NA MLANGO

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Asilimia 10 ya uniti 60,000 ni uniti 6,000 kwa siku, ambazo ni ndoo 300,000. Mji ukipunguza upotevu kutoka asilimia 30 hadi 20, unapata uniti 6,000 za kuuza bila kuchota tone jipya mtoni. Hizo ni sawa na asilimia 40 ya nyongeza yote iliyokopewa fedha.

Tena uniti hizo zimekwisha kusukumwa na kutiwa dawa, na gharama yake imelipwa. Kilichobaki ni kuzifikisha kwenye mita.

Maji haya yanayopotea ni ya namna mbili. Namna ya kwanza huvuja ardhini kutoka katika mabomba yaliyochakaa. Ya pili hufika kwa mtu lakini hayahesabiwi, ama kwa sababu mita imezeeka na inasoma kidogo, ama kwa sababu mtu amejiunganishia usiku. Mvujo hutibiwa na fundi na bomba jipya. Wizi na mita mbovu hutibiwa na usimamizi. Ukisikia mamlaka inazungumzia mabomba tu na kunyamaza kuhusu mita, uliza.

UMEME, ANKARA NDANI YA ANKARA

Maji ya Tanga hutoka mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Hukusanywa katika bwawa la Mabayani na kutibiwa Mowe kabla ya kuingia mjini. Maji hayapandi mlima yenyewe. Yanasukumwa kwa pampu, na pampu inakula umeme wa TANESCO.

Kanuni ni hii. Kupandisha uniti moja ya maji mita 100 juu kunahitaji uniti 0.27 za umeme, kama pampu isingepoteza chochote. Pampu nzuri yenye ufanisi wa asilimia 70 itatumia kama 0.39. Pampu chakavu ya asilimia 50 itatumia kama 0.55. Kwa maji yale yale unalipa umeme asilimia 40 zaidi. Kwa uniti 60,000 za maji kwa siku na mwinuko huo wa mfano, tofauti ni uniti 9,300 za umeme kila siku.

Wateja wakubwa wa umeme, kama wenye viwanda wanavyojua, hulipia pia kilele cha matumizi ya mwezi, si jumla yake pekee. Mwendeshaji akiwasha pampu zote kwa pamoja kwa muda mfupi, ankara ya mwezi mzima huonja kosa hilo. Mwenye matenki ya kutosha na ratiba nzuri huziwasha kwa zamu.

Gharama nyingine inateremka na mto. Msitu ukikatwa Usambara, mvua huleta tope, bwawa hujaa mchanga, na dawa ya kusafisha maji hutumika zaidi. Kwa hiyo hatifungani hii kuitwa ya kijani kuna maana yake: fedha zake zimefungwa kwa miradi yenye manufaa kwa mazingira. Ukiwa mwekezaji, mti ulioko mlimani Amani unalinda riba yako.

JIJI DOGO LILILOTELEZA

Ili tusidhani deni la huduma za mji halina miiba, tuvuke bahari kidogo. Harrisburg ni makao makuu ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, na ni jiji dogo: sensa ya 2010 ilihesabu watu wasiofika 50,000. Lilikuwa na tanuri la kuchoma taka na kuzalisha umeme. Mwaka 2003 tanuri lilifungwa kwa kushindwa kufikia viwango vya hewa safi. Jiji likakopa ili kulikarabati, gharama zikapanda, na mapato yakawa hayatoshi kulipa.

Tatizo kubwa ni kwamba halmashauri ya jiji ilikuwa imeyadhamini madeni ya tanuri. Yalipozidi dola milioni 300, ilikuwa sawa na zaidi ya dola 6,000 kwa kila mkazi, mtoto mchanga akiwemo. Oktoba 2011 madiwani waliomba mahakama ilitangaze jiji kuwa limefilisika. Ombi likatupwa mwezi uliofuata, na jimbo likaweka msimamizi wake. Mwaka 2013 tanuri liliuzwa, na maegesho ya magari yakakodishwa kwa miaka 40 ili kupata fedha.

Linganisha na Tanga. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 393,000 katika jiji hilo. Hatifungani yote ukiigawa kwao ni kama Sh. 135,000 kwa kichwa, na mamlaka huhudumia hata maeneo ya nje ya jiji. Mzigo huo unabebeka, alimradi ankara zilipwe. Harrisburg ilianguka kwa sababu iliendelea kukopea mtambo ambao mapato yake hayakuwahi kulingana na deni.

BEI YA MAJI HAIPANGWI NA MKOPAJI

Mwenye duka akiona gharama zimepanda huongeza bei asubuhi hiyo hiyo. Mamlaka ya maji haina ruhusa hiyo. Bei zake hupitishwa na EWURA, baada ya maombi na maoni ya wananchi. Hilo ni jambo jema kwa mama wa Ngamiani. Kwa mwenye hatifungani lina pande mbili: linazuia bei za kukurupuka zinazofukuza wateja, lakini linachelewesha nafuu pale umeme unapopanda ghafla.

Kwa sababu hiyo usijifariji kwamba "watapandisha bei watulipe". Uniti ya maji iliyookolewa kutoka bomba bovu haihitaji kibali cha mtu.

UKITAKA KUUZA KABLA YA WAKATI

Mwenye hatifungani ya Sh. 1,000,000 hupata Sh. 135,000 kwa mwaka, yaani Sh. 67,500 kila miezi 6. Akipata msiba au ada ya shule anaweza kuiuza sokoni kupitia dalali, lakini bei haitakuwa lazima milioni moja. Iwapo karatasi nyingine zenye usalama kama huo zinatoa asilimia 15, mnunuzi atataka ile Sh. 135,000 iwe asilimia 15 ya fedha zake. Kwa hesabu ya haraka, atatoa kama Sh. 900,000. Riba zikishuka, mambo hugeuka na wewe ndiye unayepata faida. Kumbuka pia kwamba kwenye soko letu wanunuzi wa hatifungani za namna hii si wengi kila siku. Fedha za kodi ya fremu usizitie humu.

MASWALI MATANO YA KUULIZA

Kabla ya kununua deni la mji wowote, chukua waraka wa matarajio na taarifa za hesabu zilizokaguliwa. Kwa maji, soma pia taarifa ya kila mwaka ya EWURA inayolinganisha mamlaka zote. Kisha tafuta majibu haya:

1. Asilimia ngapi ya maji yanayozalishwa hailipiwi, na je, inapungua mwaka hadi mwaka?

2. Katika kila Sh. 100 za ankara, ni ngapi zinakusanywa, na wadaiwa sugu ni akina nani: wananchi au ofisi za umma?

3. Umeme unakula sehemu gani ya mapato?

4. Baada ya kulipa gharama zote za uendeshaji, kinachobaki kinatosha riba na deni la msingi mara ngapi? Mara moja tu ni hatari, kwani ukame wa msimu mmoja unatosha kuharibu hesabu.

5. Nani amedhamini deni, na yeye mwenyewe ana madeni gani?

Ukipata majibu ya kuridhisha kwa yote matano, unaweza kuzungumza na dalali wako kuhusu bei, ada na kodi. Ukikosa hata jibu la swali la kwanza, subiri. Karatasi nyingine itakuja, ila fedha iliyopotea hairudi kwa kuitwa.

Na wewe usiyenunua hatifungani yoyote, bali unalipa ankara tu, somo linakuhusu vilevile. Bomba linalovuja mbele ya duka lako bila kuripotiwa lina sehemu yake katika bei utakayolipa kesho. Haba na haba hujaza kibaba, na tone kwa tone huimwaga pia.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.