Jiko la Mkaa Chumbani na Vifaa Vinavyoisikia Gesi

Mvua za Kigoma huanza Oktoba na kuendelea hadi Mei, na katika miezi hiyo majiko mengi ya mkaa huhamishwa kutoka uani kuingizwa ndani. Huko Kasulu na Buhigwe, ambako usiku una baridi, jiko huweza kufikishwa hadi chumba cha kulala. Moshi ukishaisha na makaa kubaki mekundu, wengi huamini hatari imepita. Haijapita. Makaa hayo yanaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Aliyelala hashtuki.

Pua imeshindwa, basi ni kazi ya kipimo. Mwaka 1880 Alexander Graham Bell aligundua kwamba mwanga unaowashwa na kuzimwa haraka unaweza kukifanya kitu unachokimulika kitoe sauti. Ndivyo ilivyo kwa gesi: ikifyonza mwanga hupata joto na kutanuka, mwanga ukikatika hupoa na kusinyaa, na mtetemo huo ndio sauti. Kila gesi hufyonza mwanga wa aina yake, kwa hiyo leza ikichaguliwa vizuri itaamsha kaboni monoksaidi na kuziacha nyingine kimya. Gesi ikiongezeka, sauti hupanda.

Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walionyesha kwamba badala ya maikrofoni ya kawaida kinaweza kutumika kijiuma cha kwatzi cha aina ileile iliyomo ndani ya saa za mkononi, kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Kijiuma hicho hakisumbuliwi sana na kelele za nje, na sehemu inayopokea hewa inaweza kuwa ndogo mno. Vifaa vya namna hii hunasa hata gesi iliyo sehemu chache tu katika bilioni za hewa.

Taasisi inayotaka kutumia kifaa cha namna hii Ujiji au Kibirizi iulize kwanza habari ya unyevu. Mvuke wa maji huisaidia kaboni monoksaidi kuachia joto lake upesi, hivyo kiasi kilekile cha gesi husikika zaidi kwenye hewa yenye unyevu kuliko kwenye hewa kavu. Kifaa kisichopima unyevu na kurekebisha hesabu kitadanganya kando ya ziwa letu.

Kwa nyumbani, leza si lazima. King'ora cha kawaida cha kaboni monoksaidi, kinachotumia betri, kinatosha. Tafuta chenye alama ya EN 50291, na usiuziwe king'ora cha moshi ukidhani ni hicho. Kiwekwe chumba cha kulala. Waliowahi kuishi Goma wanaijua mazuku, ile kaboni dayoksaidi nzito inayotuama mabondeni; hii ya mkaa haituami, huchanganyika na hewa yote ya chumba, kwa hiyo mwenye kitanda na mwenye mkeka wamo hatarini sawasawa. Hata hivyo, hakuna king'ora kinachozidi kulitoa jiko nje kabla ya kulala. Likae barazani chini ya paa, mbali na dirisha na mlango.

Dalili za sumu ya gesi hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, na kwetu hilo huitwa malaria haraka mno. Tazama hivi: je, watu kadhaa wa nyumba moja wameugua kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu? Hiyo ni gesi. Fungua milango, watoe wote nje, piga 114 ya Zimamoto na Uokoaji ukihitaji msaada, kisha wawahishe hospitali hata kama wanasema wamepona. Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha namba nzuri wakati damu imejaa gesi hii, kwa hiyo usisubiri kuulizwa: mwambie daktari kwamba kulikuwa na jiko chumbani.