Lifti ya vyakula katika nyumba ya kale

*Nina nyumba ya wageni ya ghorofa tatu Mji Mkongwe, Unguja. Jiko liko chini, mkahawa uko juu ya paa, na wahudumu wanachoka kupandisha masinia. Naweza kufunga lifti ndogo ya vyakula bila kuidhuru nyumba?*
*Mwenye Nyumba, Shangani*

Unaweza, na hofu yako ina msingi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hubeba vyema uzito ulio juu yake, lakini hudhoofika zikitobolewa na kuvutwa na boliti. Kwa hiyo usiitundike lifti ukutani. Agiza yenye fremu yake ya chuma, isimame juu ya msingi wake chini, ipite pasipo boriti ya kukatwa.

Pima kwanza sinia lako kubwa na sufuria nzito zaidi. Mara nyingi kilo 50 hutosha. Dai milango isiyofunguka mpaka lifti ifike, na inayostahimili moto, kwa sababu njia ya lifti hupandisha moshi haraka. Mtu asipande kamwe, hata mtoto.

Kabla fundi hajagusa chochote, mhandisi akague boriti, nawe uombe kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Ukiona ufa mpya, simamisha kazi na umwite mhandisi siku hiyo hiyo.