Ubao wa Malindi na Ubao wa Malibu

Mwezi uliopita tulipowapeleka wanachama wapya ufukweni, ndugu mmoja aliniona na ubao wangu wa kupanda mawimbi akaniuliza, "Wewe Mswahili, umeanza lini michezo ya Wazungu?" Nilicheka, lakini swali likanikaa. Mimi nimezaliwa Malindi. Kila kusi ilipovuma tulilalia vipande vya mbao za masanduku, wimbi likatubeba mpaka mchangani. Hakuna Mzungu aliyetufundisha.

Watu wa Hawaii walikuwa wakisimama juu ya mbao za mti wa koa zamani sana kabla Kapteni Cook hajafika kwao mwaka 1778. Hilo wengi wanalijua. Lakini miaka ya 1640 Mjerumani Michael Hemmersam, akiwa Gold Coast (Ghana ya leo), aliandika jinsi wazazi walivyowafunga watoto kwenye mbao na kuwaachia majini wajifunze kuogelea. Na miaka ya 1830 msafiri James Alexander aliwaona vijana wa Accra wamelalia mbao nyepesi wakingoja wimbi.

Hapa California tunaposoma alikuwepo Nick Gabaldon, aliyezaliwa mwaka 1927, mama yake Mweusi na baba yake mwenye asili ya Mexico. Alijifunza Santa Monica, kwenye kipande cha ufukwe wa Bay Street walikokusanyika Weusi enzi za ubaguzi. Inasimuliwa kwamba kwa kukosa usafiri alilalia ubao akapiga maji kwa mikono maili 12, yaani kilomita 19 hivi, hadi Malibu. Akifika amechoka, ndiyo kwanza anaanza kucheza! Juni 1951 aligonga nguzo za gati la Malibu akafariki, umri miaka 24. Kibao cha kumbukumbu kiliwekwa Bay Street mwaka 2008. Nenda ukakisome.

Sasa nije kwenye fani yangu. Ubao wa siku hizi si mti. Mara nyingi ndani ni povu gumu la poliyurithani, juu yake faibaglasi na rezini ya poliesta. Povu hilo hutengenezwa kwa TDI, kemikali yenye sumu. Kiwanda cha Clark Foam, kilichowauzia povu watengenezaji wengi wa Marekani, kilifungwa ghafla Desemba 5, 2005, na TDI ilikuwa mojawapo ya sababu alizozitaja mwenyewe. Povu hilo likishaganda haliyeyuki likafinyangwa upya, kwa hiyo ubao ukikatika huishia jalalani. Wangu wa kwanza niliutupa hivyohivyo. Mimi, ninayesomea uhandisi wa malighafi! Aibu.

Wa pili nilinunua mtumba, umepasuka. Jamani, ufa mdogo usiupuuze, kwani povu hunywa maji. Toka baharini, ukaushe siku kadhaa ufa ukiangalia chini, piga msasa, ubandike faibaglasi kwa epoksi. Vaa barakoa na glavu, ufanyie nje, si chumbani kwa mwenzako. Na kabla ya yote ujue ni povu gani: kama ni polistaireni, ile nyeupe ya kufungia televisheni, rezini ya poliesta itaiyeyusha mbele ya macho yako.

Ubao wangu sasa una viraka vitatu na hauingizi maji. Anayetaka kuujaribu aniambie kabla ya Jumamosi. Yule ndugu aliyeniuliza ameshajiandikisha.