Kujisajili si Kusoma: Kozi Huria za Mtandaoni na Adabu ya Kutafuta Elimu



Ndugu zangu wanafunzi, naanza na deni langu mwenyewe. Mwaka jana nilijisajili kwenye kozi tano za mtandaoni. Bando lilinunuliwa na mama, ambaye anauza sambaza hapa Gisenyi. Kila jioni akiniona na simu aliwaambia wadogo zangu, "Msimsumbue, anasoma." Siku moja akaniuliza, "Mwanangu, yale masomo yako ya kwenye simu yamefikia wapi?" Nikakosa jibu. Katika kozi zote tano, hakuna hata moja niliyovuka wiki ya tatu. Pesa ya mama ilikuwa amana, nami sikuitunza.

Kozi hizi ni nini?

Kozi huria za mtandaoni, ambazo wengi huziita MOOC, ni masomo ya chuo kikuu yaliyofunguliwa kwa yeyote mwenye intaneti, bila mtihani wa kuingia na bila kikomo cha idadi ya wanafunzi. Jina hilo lilianza kutumika nchini Kanada mwaka 2008. Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kozi ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford kwa dunia nzima, wakajisajili watu wapatao 160,000. Mwaka uliofuata yakaanzishwa majukwaa ya Coursera na edX.

Wako waliotabiri kuwa vyuo vikuu vingekosa kazi. Haikuwa hivyo. Katika wale 160,000, waliomaliza walikuwa kama 23,000. Katika kozi nyingi zilizofuata, mara nyingi hamalizi hata mmoja katika kila kumi. Kwa hiyo siko peke yangu, lakini wingi wa wenzangu si udhuru.

Tunachokosa ni nini?

Sahaba Jabir bin Abdillah (r.a.) alisafiri mwendo wa mwezi mzima kumfuata Abdullah bin Unays (r.a.) kwa ajili ya hadithi moja tu. Imam al-Bukhari ameitaja safari hiyo katika Kitabu cha Elimu. Sisi tuna maelfu ya masomo mfukoni na hatumalizi moja. Hatujakosa elimu ya kusoma, tumekosa kudumu. Na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Kudumu ni kugumu kwa mtu aliye peke yake. Ndiyo maana maulamaa wetu walisomesha katika halaqa: kuna mwalimu, kuna wenzako, na ukikosa siku moja kiti chako kinaonekana kitupu.

Mfano wa hapa Rwanda

Mwaka 2013 Kepler ilianza Kigali na wanafunzi 50. Walitumia mihadhara ya kozi za mtandaoni, kisha wakakutana darasani na walimu kujadili na kufanya kazi kwa vikundi. Shahada yao ilitolewa na Southern New Hampshire University ya Marekani. Mwaka 2015 ikafungua tawi katika kambi ya wakimbizi wa Kongo ya Kiziba, wilayani Karongi, katika mkoa wetu huu wa Magharibi.

Tazama walichofanya. Hawakumpa mwanafunzi kompyuta wakamwacha nayo. Walimpa mwalimu, wenzake na saa ya kukutana. Kwa lugha yetu, walimpa halaqa.

Tujue na mipaka yake

Kwanza, video haikusikii. Unaweza kutazama masomo ya tajwid mwaka mzima na bado ukakosea makhraji ya dhad, kwa sababu hakuna aliyekusikiliza akakurudisha. Qur'ani huchukuliwa kwa mwalimu, na ijaza hutolewa na aliyekusikia.

Pili, katika masomo ya dini, kabla ya kujisajili uliza anayefundisha amesoma wapi na kwa nani.

Tatu, cheti cha kozi si shahada. Mara nyingi kusoma ni bure lakini cheti kinalipiwa. Muulize mkuu wa idara yako kama kitahesabiwa, kabla hujatoa pesa.

Nne, nyingi ya kozi hizi ni za Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini kozi zake bado ni chache. Anayefahamu awaeleze wenzake.

Tulivyojaribu

Baada ya swali la mama niliwatafuta wenzangu watano. Tukachagua kozi moja tu, ya uandishi wa kitaaluma. Mmoja alipakua video chuoni kwenye intaneti ya bure, akatugawia. Kila Jumamosi baada ya Alasiri tulikaa msikitini, na kila mmoja alieleza sehemu yake bila kutazama simu.

Tulimaliza wanne. Mmoja aliacha kwa sababu ya kazi. Wa pili alikosa mara mbili, nasi hatukwenda kumuulizia, hakurudi tena. Huyo ni kosa letu. Halaqa isiyomfuata aliyepotea haina tofauti na skrini.

Nilipomwonyesha mama cheti, hakukitazama sana. Aliuliza, "Sasa unajua kufanya nini ambacho hukujua?" Nikamsomea insha yangu. Alisikiliza mpaka mwisho.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Umejisajili kwenye kozi ngapi, na umemaliza ngapi?
2. Nani anagharamia masomo yako, na ungemjibu nini akikuuliza umefika wapi?
3. Ni somo gani unaloweza kulipata mtandaoni, na lipi lazima ukae mbele ya mwalimu?
4. Chagueni kozi moja, siku moja na saa moja. Nani atamfuata atakayekosa?

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na awalipe kheri wazazi wetu kwa kila walichotutolea. Aamin.

Wabillahi tawfiq.