Nafasi ya Kiswahili katika Mtaala wa Uzamili wa Mifumo ya Habari: Mfano wa Werugha

Utangulizi

Uundaji wa mitaala ya mifumo ya habari umezoeleka kuwa kazi ya wataalamu wa tarakilishi peke yao. Makala hii inadai kuwa wanataaluma wa Kiswahili nao wana wajibu humo. Mfumo wa habari ni watu, taratibu za kazi, data na mashine kwa pamoja. Palipo na watu pana lugha.

Mtaala na umilisi

Kielelezo cha kimataifa cha MSIS 2016, kilichoandaliwa na vyama vya ACM na AIS, hutanguliza umilisi badala ya orodha ya kozi: mhitimu aweze kufanya nini? Nchini Kenya, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ndiyo huidhinisha programu za masomo, lakini swali hilo hujibiwa na chuo chenyewe. Kwa chuo kama cha Taita Taveta, kilichopata hati mwaka 2016, jibu moja liko karibu: aweze kumhoji mkulima na kumwelewa.

Mfano wa Werugha

Tuchukulie kuwa mwanafunzi anaunda mfumo wa kumbukumbu za wakulima wa Werugha, katika Milima ya Taita. Fomu yake, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, inauliza: "Shamba lako liko wapi?" Mkulima anataja lile lililo karibu na nyumba. Hata hivyo, tangu zamani familia za Wataita zimelima mlimani na pia nyikani, ili zao likikosekana huku lipatikane kule. Swali la umoja limezaa jedwali la umoja. Mbegu zikigawanywa kwa kumbukumbu hizo, familia itapunjwa, na programu haitagundua kosa kwa kuwa kila kisanduku kimejazwa. Swali "Una mashamba mangapi, na yako wapi?" lingeliepusha.

Mapendekezo

Kwanza, kozi ya uchanganuzi wa mahitaji ifundishwe kwa ushirikiano na idara ya Kiswahili, ikihusisha mbinu za mahojiano na istilahi. Pili, mwanafunzi aijaribu fomu yake uwandani kabla ya kuandika tasnifu, kwa Kiswahili na, inapobidi, kwa Kidawida kupitia mkalimani. Tatu, atahiniwe pia kwa maswali aliyoyasahihisha baada ya kurudi.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo itabaki maandishini endapo mifumo inayoamua nani apate nini itaendelea kubuniwa bila ya lugha ya anayehesabiwa.