MADA YA 6: Serikali za Mitaa na Fedha za Barabara

Baada ya kusoma mada hii uweze:
1. Kutaja vyanzo vya fedha za barabara za mitaa.
2. Kueleza faida na hatari za kuziachia halmashauri zichangishe fedha zenyewe.
3. Kujibu swali la insha la "Jadili" kuhusu mada hii.

Utangulizi

Mvua za masika zimebomoa kalavati kati ya kijiji na shule. Wanafunzi wanazunguka njia ndefu, mama mjamzito anabebwa hadi ng'ambo, na gunia la mahindi linauzwa bei ya kutupa kwa sababu lori halifiki. Wananchi wanamwendea diwani. Diwani anajibu: "Fedha hazijaja." Swali la mada hii ni hili: fedha hizo zilipaswa kutoka wapi, na nani alipaswa kuamua?

Kila unaposoma kuhusu kodi au tozo ya barabara, jiulize maswali matatu: Nani analipa? Nani anaamua? Nani anawajibika? Ukiyashika haya, insha yako haitayumba.

Msingi wa kisheria

Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 zinaweka serikali za mitaa kwa lengo la kupeleka madaraka kwa wananchi. Halmashauri ziliwahi kuondolewa mwaka 1972 chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Miongoni mwa sheria hizo ni ya fedha za serikali za mitaa, inayoeleza mapato ambayo halmashauri inaweza kukusanya.

Vyanzo vya fedha

*(a) Mapato ya ndani.* Haya ni kama ushuru wa mazao, ushuru wa huduma na ushuru wa stendi. Udhaifu wake ni kutotabirika. Kwa mfano, mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Tufanye kwamba pamba iliyouzwa wilayani ina thamani ya shilingi 2,000,000,000. Kwa asilimia 3, halmashauri inapata shilingi 60,000,000. Bei ya pamba ikishuka kwa nusu mwaka unaofuata, inapata 30,000,000 tu. Mvua hazipungui kwa sababu bei ya pamba imeshuka. Barabara itaharibika vilevile.

*(b) Fedha kutoka serikali kuu.* Mfuko wa Barabara hupata fedha zake hasa kutokana na tozo ya mafuta. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Barabara hizo zinasimamiwa na TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri zenyewe.

Sasa tumia maswali yetu matatu. Nani analipa? Mwenye gari, bodaboda, na hata abiria kupitia nauli. Nani anaamua kiwango? Bunge. Nani anaulizwa kalavati likibomoka? Mara nyingi ni diwani, ambaye fedha hizo hazishiki. Huku kutolingana kati ya anayeamua na anayeulizwa ndiko kiini cha mjadala.

*(c) Mikopo.* Halmashauri inaweza kukopa kwa idhini ya Waziri. Mkopo hufaa zaidi mradi unaojilipa. Stendi ya mabasi hukusanya ushuru kila siku na inaweza kurejesha deni. Barabara ya changarawe ya kijijini haitozi mtu, hivyo deni lake litalipwa kwa mapato mengine.

Mfano wa kujifunza kutoka nje: Los Angeles

Nchini Marekani, kaunti ya Los Angeles iliwaomba wapiga kura mwaka 2008 waidhinishe kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola kwa miaka 30, ili kugharimia reli, mabasi na barabara. Sheria ilidai theluthi mbili ya kura, na zilipatikana. Mwaka 2012 waliombwa kurefusha muda wa kodi hiyo. Waliokubali walizidi asilimia 66, lakini hawakufika theluthi mbili, hivyo pendekezo likaanguka. Mwaka 2016 kodi nyingine ya nusu senti iliidhinishwa.

Zingatia: hapa anayelipa ndiye anayeamua, naye huambiwa mapema miradi itakayojengwa. Lakini kodi ya mauzo humgusa maskini zaidi, kwa kuwa hutumia sehemu kubwa ya kipato chake kununua mahitaji.

Hoja za kuunga mkono

- Wakazi wanajua barabara ipi ianze kutengenezwa.
- Anayelipa karibu hudai hesabu karibu. Mkutano wa kijiji unaweza kumuuliza mtendaji.
- Halmashauri haisubiri fedha zinazochelewa.

Hoja za kupinga

- Huongeza pengo. Mji wenye hoteli na viwanda hukusanya zaidi ya wilaya ya wafugaji yenye barabara ndefu.
- Ushuru huweza kuwa kero. Kodi ya maendeleo ilitozwa watu wazima bila kuangalia sana uwezo wao, ikafutwa mwaka 2003.
- Barabara haikomi mpakani. Wilaya moja ikitengeneza na jirani ikiacha, lori litakwama tu.

Kosa la kawaida la watahiniwa

Wengi huandika kwamba halmashauri ikipewa madaraka ya kutoza, barabara zitakuwa nzuri. Hilo halitoshi. Madaraka ya kutoza bila uwajibikaji huzaa kero. Uwajibikaji bila fedha humfanya diwani awe mtu wa kuomba radhi. Jibu zuri huonyesha kwamba vyote viwili vinahitajika, pamoja na ruzuku ya kuinua maeneo yenye mapato madogo.

Zoezi

1. Taja vyanzo vitatu vya fedha za barabara za mitaa, na udhaifu mmoja wa kila kimoja.
2. Ushuru wa asilimia 3 ulitozwa kwenye korosho zenye thamani ya shilingi 900,000,000. Halmashauri ilipata kiasi gani? (Jibu: shilingi 27,000,000.)
3. "Anayelipia barabara ndiye aamue ijengwe wapi." Jadili. *Dokezo:* eleza kwanza maana ya kauli, toa hoja za pande zote mbili kwa mifano, kisha hitimisha kwa msimamo wako. Usisahau kijiji kisicho na cha kulipa: nacho kina wagonjwa na wanafunzi.